Dhansari Hataki Kushuka

Kijiji cha Thalikharka,
Milimani, Nepali.
Tarehe 12, mwezi wa Mangsir

Mjukuu wangu mpendwa Jamuna,

Hujambo huko Uingereza? Kifua kimepona? Unakula wali, au bado wanakushindisha na mikate? Mimi mzima, magoti tu yananisumbua kwa baridi. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza maneno. Kaka yako Lokman ataipiga picha barua hii akutumie akipanda kilimani kwenye mtandao.

Sasa nisikilize. Mkewe Dhansari yuko mwezi wa tisa. Tangu jana miguu imevimba, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Usiniambie ni uchovu. Mimi nimezaa.

Chumba chako cha kuzalishia kina kufuli. Siku unaondoka tulikuvika maua mpaka shingo ikazama, mbuzi akachinjwa, na mimi mwenyewe nikakupaka tika ya baraka kwenye paji la uso. Kijiji kizima tulicheza ngoma, hakuna aliyeuliza nani atapokea watoto. Ulisema mkunga mwenzako ataletwa kabla ya sikukuu ya Dashain. Dashain tumekula na kusahau. Huyo mwenzako tunasikia yuko Kathmandu anajifunza Kiingereza, naye aje huko huko kuogesha mabibi wa watu kama ufanyavyo wewe.

Nilimwita mganga Barkhe. Alimtazama Dhansari, akaweka ngoma yake chini. Akaniambia, "Mama, hili si la pepo. Mpelekeni hospitali." Mtu ambaye hajawahi kukataa kuku wa mtu! Hapo ndipo nilipoogopa, Jamuna.

Kapu la kumbebea liko tayari, na wanaume wapo. Mwenyewe hataki kushuka hospitali. Mama yake alivushwa daraja la kuning'inia kwa kapu hivyo hivyo, akarudi maiti. Nimemgombeza, nimembembeleza, wapi.

"Yule ndiye aliyenizuilia damu nilipomzaa Sukmaya," anasema. "Jamuna akisema nishuke, nitashuka."

Basi mwambie. Usianze kulia, wala usiniambie umebanwa na kazi. Rekodi sauti yako umtumie Lokman. Nimemkataza kurudi nyumbani bila hiyo. Tumia sauti ile ya kazini uliyokuwa ukitukaripia nayo. Mimi nitatangulia mbele ya kapu darajani, autazame mgongo wangu, asitazame maji.

Mama yako na shangazi Jasmali wanakusalimu. Sukmaya anauliza kama huko kuna mbuzi. Miungu ya mlima ikulinde, ikukumbushe na kwenu.

Bibi yako akupendaye, hata sasa nilivyokukasirikia,
Phulmati