Mikono ya Maombi Ibaki Nje

Jumatatu, 3 Machi
Nimesaga tembe za asubuhi za mjukuu wangu Omondi, nikachanganya na maziwa ya mama yake. Chungu, nilionja. Awuor binti yangu amemnywesha kidogo kidogo mpaka ikaisha. Dawa mbili za kifafa zilishindwa. Hii ni ya homoni. Bado anajikunja kila akiamka: kichwa kinaanguka, mikono inaruka, tena na tena. Ana miezi saba, na ameacha kututazama usoni. Hilo linaniuma kuliko mishtuko yenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Mashavu yamefura. Ananyonya kama ndama. Jirani amechungulia dirishani: "Mama Awuor, huyu amenona! Mnampa nini?" Nimevuta pazia. Ni dawa. Daktari alituonya: atafura, na mwili utakosa nguvu ya kupigana na maradhi. Asikae kwa watu wengi. Asishikwe na mwenye kikohozi.
Keshokutwa akina mama wa maombi wanakuja kumwekea mikono. Mimi ndiye niliyewaita. Nusu yao wanakohoa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimewazuia mlangoni. Mimi, mweka funguo za kanisa. Nimewaeleza yote. Mama Okoth, kiongozi wetu, ameniangalia kama mgeni.
"Kwa hivyo siku hizi mikono yetu ina sumu?"
"Mama, naogopa kikohozi chako, si mikono."
Wengine wamecheka. Yeye hapana. Wameenda bila kuomba. Nimelia jikoni. Awuor ameniwekea chai.

Jumapili, 9 Machi
Sikuenda kanisani. Aibu. Omondi amejikunja asubuhi tu. Sitaki kutumaini haraka.

Jumatano, 12 Machi
Wamerudi. Wamesimama uani karibu na kamba ya nguo, Mama Okoth mbele, leso mdomoni. "Fungua dirisha. Nyasaye, Mungu wetu, si lazima ashike mtu." Wameimba mpaka kuku wakakimbia. Nimemwinua Omondi wamwone. Mama Okoth amesema ana shingo ya mwenyekiti wa chama. Tumecheka. Moyo wangu umetulia.

Jumamosi, 15 Machi
Jana kliniki. Hajajikunja tangu Jumatatu. Dawa itapunguzwa polepole, tusiikatize wenyewe. Mishtuko inaweza kurudi, daktari hakuficha. Sawa. Ya leo ni ya leo, asante Mungu.
Jioni nilikuwa naanua nguo, Omondi mapajani kwa mama yake. Nilipopita, macho yake yakanifuata. Nikarudi. Yakanifuata tena. Sikumwambia Awuor. Nikapita mara nyingine, polepole.