Ukafungue Mdomo wa Kikapu

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumanne, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu za dada yako. Bahasha hii hata ingekuwa gunia zisingeenea. Hujambo? Shemeji yangu hajambo? Kifua chako na baridi ya huko vinaelewana? Sisi tu wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Barua hii amekuletea mchonga vinyago, yule mrefu wa maneno machache. Yumo kwenye msafara wa nchi yetu, wanakuja huko kwenu kwenye maonyesho ya kazi za mikono ya mataifa. Mpe chai, naye atakuelekeza ukumbi ulipo.

Sasa keti. Nchi nzima hii vimechaguliwa vitu vichache mno, na kimoja ni kikapu cha mwanao Kitindamimba, huyu niliyemzaa mwisho! Ndiyo, huyo huyo uliyekuwa ukimtania kwamba mikononi ana vidole vya miguu. Kikapu kimemzidi kimo. Amekisuka kwa katani na utepe wa kanda za zamani za redio, jua likikipiga kinametameta kama samaki. Nimewaambia sokoni, zahanati, hata kwenye foleni ya maji. Mwenye duka la dawa aliponiona jana akajifanya ana haraka. Nikamwambia kwa mbali.

Lakini mdogo wangu, kitumbua changu kimeingia mchanga.

Unajua kwetu kikapu hakitoki nyumbani kabla hakijafungwa mdomo, nyuzi za juu zikakunjwa ndani kwa fundo letu. Ni kama kumtoa mtoto nje bila suruali. Siku ya kupakia, mwanao alikwenda ofisini kufuata karatasi za mizigo. Nikakitazama. Juu nyuzi zimesimama ovyo, kama nywele za mtu aliyeamshwa. Nikasema maskini, muda umemwishia. Nikashika sindano nikamfungia mdomo, ule wa kwetu. Ulitoka vizuri ajabu! Sijapata kufunga vile tangu nizaliwe. Seremala akapigilia sanduku misumari, lori likaja, likaondoka nalo.

Aliporudi nikamwonyesha picha kwenye simu. "Tazama, mama yako nimekukamilishia!"

Akaikuza kwa vidole mpaka kwenye mdomo. "Umefunga vizuri, Mama." Kisha akaenda kukaa uani.

Bora angenigombeza. Shemeji yako ndiye aliyenigombeza: "Wewe mwanamke, sindano yako haijui kunyamaza?"

Nikamfuata uani. Akaniambia, "Mama, kile ni cha Bibi."

Kile cha marehemu mama yetu, Chiriku. Kile kilichokuwa mapajani pake alipotutoka. Kiko juu ya kabati mpaka leo, nyuzi zake zimesimama vile vile, na hakuna kati yetu aliyethubutu kukimalizia. Mwanao alikisuka hicho hicho, kikubwa, ili watu wakione. Na waliomchagua walipenda ule mdomo wazi. Nami mtu mzima, ninayekipangusa vumbi kila Jumapili, sikukitambua.

Sanduku limeshafika huko. Mwanao hakupata nafasi kwenye msafara, ila msimamizi amekubali ndugu mmoja aingie kabla milango haijafunguliwa Jumamosi. Ndugu ndiwe. Huko hakuna mwingine anayelijua fundo letu, na wakilitia mkasi watakata na nyuzi. La mwisho nimelificha kwa ndani, kama tulivyofundishwa. Lilegeze kwa mate, si kwa nguvu, kisha rudi kinyumenyume, uzi mmoja mmoja, uziache zisimame zitakavyo. Usizinyooshe. Mkono ukikuwasha, utie mfukoni.

Itakuuma kufumua kazi nzuri kama ile. Mimi imeshaniuma, na bado nakuomba uifumue.

Ukimaliza piga picha, umtumie yeye kwanza, si mimi. Bado ananiamkia kila asubuhi, ananiandalia chai, lakini hanionyeshi tena anachosuka. Hiyo picha nitaibandika sebuleni, na atakayeingia humu akasema kikapu hakijakwisha, atanitambua.

Nisalimie shemeji na wale pacha. Waambie mjomba wao Kipara bado anajiona kijana. Shemeji yako anakusalimu. Mwanao naye anasema, "Mama mdogo, taratibu."

Mungu akulainishie njia, na vidole pia.

Dada yako akupendaye bila kipimo,
Dada Mkubwa