Matone Yanayokimbia

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Kidato cha pili: kutenganisha chumvi na mchanga. Kuyeyusha, kuchuja, kukausha. Taa ya spiriti moja, wanafunzi thelathini na nane. Chumvi ilipobaki kwenye bakuli wakapiga makofi.

Nyumbani kaka Magesa ameshindwa kushika kikombe. Chai yote mapajani. Akacheka. Nilitoka chumbani, bado anacheka.

Jumatano, 7 Agosti

Kuku watatu wanaolala chumbani kwa kaka wamekufa. Hawakuwa wagonjwa. Mkewe, wifi Wakuru, anasema ameona matone meupe sakafuni, yanang'aa. Akiyagusa kwa ufagio yanakimbia.

"Magesa hakuwaga hivi kule kwetu," anasema. Kule kwetu ni kabla hatujahamishiwa kijiji hiki. Hapa nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara ya Butiama, na jirani yetu ni Bibi Nyangeta, mjane tusiyemjua. Watu wameanza kumtazama yeye.

Siamini uchawi. Ila leo nimefunga mlango wangu kwa komeo, mchana kweupe.

Ijumaa, 9 Agosti

Muundo wa atomu. Protoni 79, dhahabu. Protoni 80, zebaki. Mwanafunzi kauliza: ukiiondolea zebaki protoni moja, unapata dhahabu? Darasa likacheka.

Nikaenda kabatini niwaonyeshe zebaki. Chupa ile ni ndogo lakini nzito kama jiwe. Nilikaza mkono, mkono ukapaa juu. Zebaki imebaki ya kufunika kitako tu.

Kufuli halijavunjwa. Ufunguo hukaa kwenye mkoba wangu, nyumbani.

Sikumaliza somo.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeyaona. Wakuru alikuwa kisimani, nikainama chini ya kitanda chao. Matone kama macho ya samaki. Nimeyasukuma kwa kijiti, mawili yakawa moja bila sauti. Nilijua ni nini, na bado mwili ulinisisimka.

Nyuma ya magunia ya mahindi: kikaango cheusi, na mfuko wa mchanga kutoka mgodi wa zamani. Magesa amekiri. Anachanganya mchanga na zebaki, zebaki inaikamata dhahabu, kisha donge analiweka motoni. Zebaki inaondoka, dhahabu inabaki. Anafanyia chumbani, dirisha limefungwa, majirani wasimwone.

"Si wewe mwenyewe ulinieleza?" amesema. Kweli. Tukila ugali. Nilimfundisha vizuri kabisa.

Zebaki haikuondoka. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Wanauvuta tangu alipoanza, Juni. Mimi pia, tunatenganishwa na ukuta wa udongo tu.

Kesho kuna mkutano wa kumfukuza Bibi Nyangeta. Nikisema, itabidi niseme na habari ya ufunguo. Naogopa.

Jumapili, 11 Agosti

Nimesema. Mkoba, chupa, kikaango, yote. Nikamimina matone kwenye sahani, nikayaacha yazunguke. Waliokuwa mbele walirudi nyuma.

Katibu wa kijiji akauliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, kitu hiki umekileta wewe?"

"Ndiyo."

Bibi Nyangeta atabaki. Hakuna aliyemwomba radhi. Walitawanyika wakinipisha kwa mbali, kama mtu mwenye tauni.

Alhamisi, 15 Agosti

Magesa yuko hospitali, Musoma. Fizi zinatoa damu. Jana alinitazama akaniita kwa jina la mama yetu, ambaye ni marehemu. Wakuru amekwenda kwa dada yake, Bunda. Daktari anataka na yeye apimwe.

Mkuu wa shule nimempa barua ya kukiri. Hajajibu. Ufunguo ameuchukua.

Nyumba nimeiacha wazi, milango yote. Nalala jikoni. Nachukia jinsi ilivyo safi kwa macho.

Jumapili, 18 Agosti

Bibi Nyangeta amekuja na kibuyu cha maziwa. Tumekaa nje, wawili tu. Wengine hawapiti upande huu.

Akauliza kitu kile kiliwaingiaje. Kwa pumzi, nikamwambia. Hakionekani. Akauliza kilitoka kwa nani. Kwa watu wa humu humu ndani.

Akafikiri.

"Basi hawakukosea sana, mwanangu. Walikosea nyumba tu."

Akanimiminia maziwa. Tukanywa.