Baba Alivuka Barabara Kubishana

Nangwa, Jumatatu ya Pasaka, 1973

Dada Genoveva, shikamoo.

Baba ni mzima. Ile Datsun ya mashindano uliyoisikia redioni iliteleza jana kwenye tope, ikaingia shamba la ngano pale pale Baba alipokuwa amesimama mwanzo. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amevuka barabara kumcheka jirani yetu Hhando, shabiki wa Peugeot.

"Peugeot yenu imelala Mbulu?" Baba alimtania.

"Subiri, Tluway, utakula tope lake!"

Walikuwa bado wanabishana Datsun ilipoacha njia. Dereva hakuumia, trekta la shamba liliivuta.

Leo Hhando anatamba kwamba Peugeot imemwokoa Baba. Baba amemjibu: "Umeniokoa wewe, si gari lako."

Mdogo wako,
Emilian