Magongo ya Kupandisha Maharagwe

Yaya Akonkwa, mukubwa wangu,

Huku Bukavu tuko salama, Maman anakusalimia. Koli yako, ule muzigo ulituma toka Bruxelles, imefika: magongo tena! Ni mara ya tatu. Yale ya mbele Maman aliyasimika shambani, maharagwe inapanda juu yake.

Mimi nilikuomba lineti tu, za kulinda macho nikiogelea. Kinshasa nilikuwa wa kwanza na muguu moja, medali iko kwa ukuta, lakini wewe unazidi kunitumia vitu vya mugonjwa. Ndani ya maji gongo itanisaidia nini?

Ile siku ya ajali ya Nyangezi, ni wewe uliendesha pikipiki. Nilikusamehe tangu hospitali. Miaka sita haujarudi.

Lineti usizitume. Zilete wewe mwenyewe.

Mudogo yako mwenye hasira,
Larissa