Shuka la Bofa

Shekha, nimeiba shuka la hoteli. Mimi. Na nimelitoa mkobani mbele ya familia zote.

Unajua kikundi chetu cha familia kilitutafutia siku tatu za bei nafuu hapa Bofa, hoteli ile ile ambayo marehemu mama alishona mashuka yake miaka kumi na tisa, asilale humo hata siku moja.

Shuka la kitanda changu lilikuwa na kiraka. Uzi mwekundu, mafundo mawili. Mkono wake, Shekha. Mafundo mawili. Nimelala nimekiwekea shavu.

Leo tunatoka, Bi Rufaida wa vyumba akasema shuka moja halipo. Nikalitoa. Mwenyekiti wetu akaniambia, "Vivian, umetuharibia. Mwakani nani atatupokea?"

Bi Rufaida akalikunjua mpaka kwenye kiraka, akayatazama mafundo, kisha uso wangu.

"Wewe mtoto wa Kache?"

Nikaitikia.

Akamwambia mwenyekiti, "Mashuka yametimia." Kisha akaniambia mimi, "Siwezi kukupa, mwanangu. Lakini njoo."

Akanifungulia kabati. Shekha, karibu kila shuka lina ule uzi. Kabati zima.

Nimeyagusa mafundo, moja baada ya jingine, mpaka dereva akapiga honi. Sasa niko garini na vidole bado vinayatafuta.