Vidonge Tulivyovichanganya

Bweni la Wafanyakazi wa Ghala,
Chumba namba 14.
9 Machi. Leo natimiza mwaka na miezi saba tangu niondoke.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na kifua cha shemeji kimetulia? Mimi ni mzima wa mwili, ila kichwa kimevurugika, ndiyo maana nakuandikia wewe uliyezoea kunitafutia viatu ambavyo nimevivaa.

Kumbe usahaulifu wangu una jina. Daktari anauita ADHD, yaani akili isiyotulia mahali pamoja, na anasema hata watu wazima wanao. Nilikwenda kwake baada ya kuacha mlango wa chumba cha baridi wazi mara ya pili, nyama ikaharibika, msimamizi akanipa onyo la mwisho. Nimepewa dawa ya kuchangamsha ubongo. Nikamuuliza, "Mtu anayekimbia unamwongezea mbio?" Akacheka, akaeleza, sikuelewa. Lakini tangu hapo mlango naufunga.

Halafu kipimo cha damu kikaonyesha vitamini D yangu iko chini kidogo, ile ambayo mwili huitengeneza kwa jua. Mimi, Dada, niliyekulia kwenye palizi! Lakini ghalani hatuna dirisha. Daktari akaniingiza kwenye utafiti: wanataka kujua kama vitamini hiyo, ikiongezwa juu ya dawa yangu, inasaidia akili kutulia. Wengine wanapewa vitamini, wengine vidonge vitupu vinavyofanana navyo. Nikauliza vyangu ni vipi. Akasema hata yeye hajui. Daktari hajui!

Mwenzangu wa chumbani, tunamwita Ngazi kwa urefu wake, ana shida hiyohiyo, naye akaingia. Sasa sikia nilichofanya. Ghalani, maboksi mawili yakiwa nusu, unayafanya moja, nafasi ipatikane. Asubuhi moja nikaona chupa zetu mbili za utafiti ziko nusunusu. Mkono ukatangulia akili. Nikamimina vyote kwenye chupa moja.

"Kaka, una akili ya samaki wa friza!" Ngazi akapiga kelele. "Sasa vyangu ni vipi?"

Tukavimwaga kitandani, tukavinusa, tukavilamba. Vyote sawa.

"Funga mdomo," akasema. "Ukisema watatutoa, na dawa yenyewe watatunyima."

Hapo ndipo nilipoogopa, maana bila dawa ile kazi sina. Siku sita tulimeza chochote kilichokuja mkononi. Jumanne nikashindwa, nikamwambia daktari. Hakufoka. Alisema ningenyamaza angeandika uongo bila kujua. Ametutoa kwenye utafiti, lakini dawa yetu inaendelea, kwa sababu hiyo ni matibabu.

Ngazi hanisemeshi. Anasema alikuwa anajisikia vizuri. Hata mimi, Dada, lakini kwa kipi? Dawa, vitamini, au kidonge kitupu? Nawaza mpaka nachoka.

Nisalimie mama, shangazi na wanao wote, hasa kitinda mimba. Mungu awalinde, awape afya na usingizi mzuri.

Mkataba unaisha mwishoni mwa Julai. Nitegemeeni tarehe kumi Agosti. Kazi zote za nyuma nilirudi nyumbani kwa kufukuzwa. Hii nataka nirudi nimeimaliza.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana.